Mbegu ya Shokishoki Haianikwi

Mkulima mmoja wa Njoro, Nakuru, aliniita akilalamika kwamba kivungulio chake, yaani nyumba ya plastiki ya kuoteshea mimea, hakina joto la kutosha, kwani mbegu 40 za shokishoki (rambutani) alizopanda humo zilikuwa zimemaliza wiki 7 bila kuchipua. Nilifukua moja na kuiminya kwa vidole, ikavunjika kama karanga iliyokaangwa. Kivungulio hakikuwa na kosa: mbegu hizo zilikuwa zimeanikwa siku 5 juu ya bati, na zilikufa kabla ya kuonja udongo.

Kosa hili nalikuta mara kwa mara, na chanzo chake ni mazoea ya mahindi, ambayo hukaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 ndipo yawekwe ghalani. Punje ya mahindi hulala ikiwa kavu. Mbegu ya shokishoki, ya mangostini, ya doriani na hata ya fenesi hailali. Hutoka tundani ikiwa imejaa maji na tayari kuota, na ikishakauka haifufuki hata ikilowekwa usiku kucha. Kuihifadhi katika friji ni kuiua kwa njia nyingine, kwa kuwa haivumilii baridi. Asiyeamini na achukue mbegu 10 za fenesi moja, apande 5 siku hiyo hiyo na kuanika 5 kwa wiki nzima kabla ya kuzipanda, kisha alinganishe.

Nunua tunda zima, kwa maana ganda ndilo hifadhi bora ya mbegu safarini. Ukishalila, sugua mbegu kwa maji mpaka utelezi wa nyama uishe, kwani sukari inayobaki huita chungu na ukungu, na uipande siku hiyo hiyo. Ukichelewa sana, isizidi saa 48. Ikilazimu kusubiri, ifukie katika unga wa mbao uliolowa kiasi kwamba ukiukamua kwenye ngumi hautoi hata tone, ndani ya mfuko wa plastiki uliotobolewa ili mbegu ipumue. Tafadhali, usitumie jivu! Jivu ni la kufukuza dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, na hapa litanyonya unyevu tunaohangaika kuulinda.

Panda katika mfuko wa miche wenye kina cha sentimita 30, kwa sababu mzizi mkuu hushuka mapema na ukikunjwa hauponi vizuri. Mbegu ya shokishoki ilazwe ubavu, kovu lake, pale ilipokuwa imeshikana na tunda, likitazama chini, na ifunikwe kwa udongo wa sentimita 2. Kwa kuwa Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai ni wa baridi, shusha pazia za kivungulio saa 10 alasiri joto likiwa bado ndani, wala si saa 1 usiku, na uzipandishe mchana kipimajoto kilichoning'inizwa kivulini kikipita nyuzi 35. Shokishoki huchipua kati ya siku 9 na 25, mangostini huchukua wiki 3 hadi 6.

Miche mingi ya shokishoki inayotokana na mbegu huwa madume yasiyozaa, hivyo otesha zaidi ya unayohitaji. Wanaoagiza matunda kutoka Zanzibar au Tanga wawe na kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, mkononi kabla tunda halijachumwa, maana mbegu inayosubiri karatasi mpakani Lunga Lunga inahesabiwa saa zile zile 48.