Ghost ya zamani haioni diski ya mashine mpya? Fanya hivi

Hii kitu naulizwa sana hapa Kampala. Mtu ana imeji ya Ghost ya lebu ya shule (Ghost ni programu ya kunakili diski nzima, imeji ndiyo hiyo nakala), ameitunza tangu enzi za Windows XP, shule imepata mashine nyingine, anabuti na flashi, Ghost inafunguka vizuri halafu kwa orodha ya diski hamna kitu, ama inakwama tu. Anasema diski imekufa. Haijafa ssebo.

Ghost ya DOS, ule mfumo wa zamani wa kuandika amri, ni ya miaka ya 90, imezoea diski za IDE, mtindo wa zamani wa kuunganisha diski, na inapenda kuruka BIOS, programu ya kwanza inayoamsha mashine, iongee na kontrola yenyewe, ile chipu inayoendesha diski. Kontrola za sasa ziko kwa AHCI ama RAID, mitindo mipya isiyoijua, kwa hiyo inabisha hodi kwa nyumba isiyo na mtu.

Anza na BIOS, tafuta SATA Mode, piga picha na simu jinsi ilivyo, kisha weka IDE, mashine zingine wanaiita Compatible ama Legacy. Rudisha imeji yako. Sasa hapa ndipo watu wanaumia: kama Windows iliyo ndani ya imeji iliwekwa ikiwa AHCI, rudisha AHCI, lakini kama ni XP iliyozoea IDE iache hapo hapo, ukigeuza ovyo unapata skrini ya bluu 0x0000007B. Mimi ilinipata nimeshamaliza mashine 12, saa mbili usiku, naanza kulaani imeji kumbe ni setingi moja tu.

BIOS haina IDE? Kwenye DOS andika ghost -fni, hiyo inaizuia isiongee na kontrola moja kwa moja. Ikikataa jaribu ghost -ffx, inailazimisha ipitie BIOS. Itatembea kama kinyonga, kwa hiyo hakikisha kuna UPS, stima ikikatika katikati unaanza upya. Na kabla ya kubonyeza Yes soma saizi ya diski, usiamini namba, maana flashi yako nayo inaweza kujiita diski ya 1.

Kama unatengeneza imeji mpya kwa flashi iliyofomatiwa FAT32 ongeza -split=2000, inaikata vipande vya MB 2000, faili moja haiwezi kufika GB 4 humo.

NVMe, zile SSD mpya za kasi, ni kesi nyingine. Hiyo haina IDE kabisa, na mashine ya UEFI (mrithi wa BIOS) isiyo na CSM, sehemu inayoiga BIOS ya zamani, haibuti DOS hata ukiibembeleza. Tumia WinPE, Windows ndogo ya kubuti kwa flashi, na Ghost32 ya 11.5, hiyo inaona diski kupitia draiva za Windows, ila WinPE ya biti 64 haifungui programu za biti 32, humo unataka Ghost64. Bado haionekani na mashine ni Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu? Angalia VMD kwa BIOS, setingi ya Intel inayoficha diski nyuma ya draiva yake, izime ama ingiza draiva yake, lakini kama Windows iliyomo bado unaihitaji usiizime, inaweza kukataa kubuti. Imeji ya XP usiipeleke NVMe, hata ikiingia haitabuti, XP haina draiva hiyo.

Na kama unachotaka ni faili tu, tuseme matokeo ya mitihani ya zamani, ya nini kuhangaika na kubuti, fungua hiyo .gho kwa Ghost Explorer ndani ya Windows, toa faili zako, rudi nyumbani.