Tasnifu ya MMed: Piga Hesabu Kabla Zamu Hazijakumeza

Miaka 3 ya kusomea udaktari bingwa (MMed) inaonekana mingi siku ya usajili. Ondoa wodi, kliniki, zamu za usiku na mitihani, uone kinachobaki. Wengi wanaochelewa kuhitimu hawakushindwa kutibu. Walikwama kwenye tasnifu, na kosa lilianzia kwenye kuchagua swali la utafiti.

Chagua ugonjwa unaouona kila wiki, hata kama ule adimu ndio unaokuvutia. Kisha tafuta idadi ya washiriki. Kwa utafiti wa kupima ukubwa wa tatizo, fomula ni n = 1.96² × p(1−p) ÷ d². Hapo n ni idadi ya washiriki, 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, p ni kiwango cha tatizo kilichopatikana kwenye tafiti za nyuma, d ni kosa unaloliruhusu juu au chini ya jibu. Ukiweka p 0.20 na d 0.05 unapata 246. Gawanya kwa 0.9 kufidia asilimia 10 watakaokataa au kupotea: 274.

Sasa fungua rejista ya kliniki, uhesabu waliotimiza vigezo vyako miezi 3 iliyopita. Wakiwa 8 kwa wiki, unahitaji wiki 35. Wakiwa 3, ni wiki 92: badili swali leo. Usidhani utajiokoa kwa kuifanya d iwe 0.10. Kweli idadi inashuka hadi 62, lakini ukipata asilimia 20, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 10 na 30, na mtahini ataanzia hapo hapo.

Usijaze hata dodoso moja kabla ya kibali cha kamati ya maadili. Taarifa za kabla ya kibali hazihalalishwi baadaye. Fomu ya ridhaa iwe na Kiswahili cha mgonjwa, si cha kamusi. Kama kuna kipimo cha maabara, nenda mwenyewe ukaulize vitendanishi (kemikali za kupimia) vipo vya miezi mingapi na nani atalipa vikiisha. Hapo ndipo tafiti nyingi hulala.

Dodoso lijaribu kwa watu kama 10, na majibu yao usiyachanganye na ya utafiti. Ingiza taarifa siku hiyo hiyo kwa namba, bila jina. Faili lililokosa kipimo ni rahisi kulifuatilia mgonjwa akiwa bado kitandani.

Kwa wa upasuaji, kitabu cha kumbukumbu kijazwe kabla hujavua nguo za theta (chumba cha upasuaji): tarehe, namba ya faili, upasuaji, na kama ulisaidia, ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya peke yako. Saini ya bingwa anayekusimamia idai kila wiki. Akihamishwa, kurasa zako zinabaki tupu.

Na ukitoka zamu, lala kwanza. Kukaa macho saa 17 hushusha umakini karibu sawa na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Usiendeshe gari, na uchambuzi wa takwimu uache hadi jioni.