SOMO: Kuvuna maji ya mvua shuleni, kwa sisi wa Newala, Tandahimba na jirani

Wakuu, salaam. Kila ikifika Agosti simu yangu haipumziki, na swali ni moja: "Mwalimu, lile tangi mlilijengaje?" Nimeeleza kwenye kikao cha kata, nimeeleza harusini, nimeeleza hadi msibani watu wakisubiri maiti itoke. Leo naandika mara moja. Atakayeniuliza tena namtumia hapa.

Kwa msiotujua: uwanda huu wa Makonde ni mchanga mtupu, maji ya mvua yanazama na kwenda chini kabisa, kisima cha kuchimba kwa jembe hakuna. Tunategemea skimu inayosukuma maji kutoka chanzo cha Mitema, na bomba likinyamaza watoto wanakuja na vidumu. Mtoto wa darasa la tatu anafika na kidumu cha lita tano, nusu imemwagika njiani, kipindi cha kwanza kimempita. Juu huko tunaambiwa shule iwe na miti, bustani, uji, vyoo safi, na ufaulu upande. Sawa, lakini yote hayo yanaomba maji.

HATUA YA 1. Ruhusa. Kamati ya shule, serikali ya kijiji, mhandisi wa halmashauri. Muhtasari uandikwe na kusainiwa.

HATUA YA 2. Hesabu, kabla ya kununua hata msumari. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Pima paa kwa chini, siyo kwa mteremko wa bati. Jengo la madarasa mawili lenye mita 18 kwa 9 ni mita za mraba 162. Chukua mvua ya milimita 900 kwa mwaka, toa sehemu moja ya tano inayoruka na kupotea, unabaki na lita kama 116,000. Ukifunga gata (mfereji wa kupokea maji ukingoni mwa bati) upande mmoja tu, gawa kwa mbili.

Sasa matumizi. Shirika la Afya Duniani linasema shule ya kutwa ipange lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Watoto 400 ni lita 2,000 kila siku, na tangi la lita 50,000 kama letu linakauka ndani ya siku 25 za masomo. Kwa hiyo msidanganyane kwenye kikao kwamba tangi moja litamwagilia bustani, litapika uji na kuosha vyoo. Tangi hili ni la kunywa na kunawa mikono. Kwa lita moja kwa mtoto, na vibuyu chirizi (vidumu vya kunawia vinavyotoa maji kidogo kidogo) badala ya kuacha koki wazi, linafika siku 125. Hapo umevuka Julai hadi shule zifunge Desemba.

HATUA YA 3. Hela. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, mchango wa mzazi ni hiari na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Zungumzeni na wazazi minada ya korosho ikianza, Oktoba na Novemba, watu wakiwa na kitu mfukoni. Hela iingie akaunti ya shule, isikae kwa mtu. Mtaona sababu kwenye hatua ya 6, maana haitumiki mwezi huo huo.

HATUA YA 4. Gata. Mteremko sentimita moja kwa kila mita. Jengo la mita 18 ukiteremsha upande mmoja, mwisho wa gata unaning'inia sentimita 18 chini ya bati na mvua kubwa inaruka juu yake. Anzia katikati, teremsha kushoto na kulia, bomba mbili za inchi 4. Vibanio visizidi sentimita 90 kutoka kimoja hadi kingine. Kata matawi ya mwembe yaliyolala juu ya paa.

HATUA YA 5. Maji ya kwanza. Mvua ikianza inaosha paa: vumbi, mavi ya ndege, majani. Maji hayo hayaingii tangini. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba, kwa paa letu ni lita 81. Bomba la inchi 4 linabeba lita 8 hivi kwa mita, kwa hiyo kipande kifupi kinachouzwa mjini hakitoshi kitu. Wekeni pipa la lita 200 lenye kizibo chini, likijaa ndipo maji yapande kwenda tangini. Baada ya kila mvua, kizibo kifunguliwe.

HATUA YA 6. Tangi lenyewe. Someni hapa polepole.

Letu ni la duara, saruji juu ya wavu na waya, upana mita 5.7, kimo mita 2. Kabla ya kumwaga msingi pima gata linaishia wapi. Nimeona tangi zuri, limepakwa rangi, mdomo wake uko juu kuliko gata. Maji hayapandi mlima.

Hatari kubwa ni majira. Kila mtu anataka kujenga Septemba ili liwe tayari kwa mvua. Septemba ndiyo maji ni ghali kuliko mwezi mwingine wowote, boza, yaani gari la maji, linakuja likitaka. Fundi anachanganya saruji kwa maji ya kuhesabu, anapiga plasta, anapiga niru (uji wa saruji wa kulainisha juu), kisha hakuna wa kumwaga maji ya boza ukutani ili plasta ikomae. Jua la uwandani linainyonya kwa siku mbili. Kwa macho imekauka vizuri, ukigonga inalia. Mvua ya kwanza ikijaa, ukuta unatoa jasho, kisha unatoa machozi. Tangi letu la mwanzo lilikwenda hivyo, na kulipaka niru upya juu ya nyufa hakukusaidia, maana ufa ulianzia ndani ya plasta.

Jenga mwishoni mwa Machi au Aprili, mvua zikielekea ukingoni. Maji ya kuchanganyia yapo bure, mapipa yajazeni mapema. Funika ukuta kwa magunia yaliyolowa, siku 7 ni chini kabisa, nendeni 14. Asubuhi, mchana na jioni, Jumapili ikiwemo. Andikeni zamu na majina, "tutamwagilia" bila jina ni uongo. Mvua za mwisho zitaweka maji kidogo chini, yaacheni humo kiangazi chote. Tangi la saruji likikaa kavu miezi sita linaweza kupasuka lenyewe bila kuguswa.

Na malipo ya mwisho ya fundi yashikwe mpaka tangi lijae na likae wiki bila kuvuja. Atanuna. Mwache anune.

HATUA YA 7. Mfuniko wenye kufuli. Hili halina mjadala, mtoto akitumbukia hakuna tangi litakalomrudisha. Wavu wa mbu kwenye kila tundu. Giza ndani, mwanga unaleta ukijani. Koki iwe juu kiasi cha kupitisha ndoo, nayo ifungwe.

HATUA YA 8. Maji yanayomwagika chini ya koki yapelekwe kwa mfereji kwenye mipapai. Hiyo ndiyo bustani yenu ya mwaka wa kwanza, msitamani zaidi.

Nawasilisha. Maswali karibuni, ila someni kwanza.

MASWALI

Kijana wa Mahuta: Mkuu jumla shilingi ngapi?

Mwalimu wa Uwandani: Paa lako lina ukubwa gani?

Kijana wa Mahuta: Sijapima, nipe tu makadirio.

Mwalimu wa Uwandani: Hatua ya 2.

Mpita Njia: Mnajitesa. Nunueni simtanki tano za lita 10,000, siku moja kazi imeisha.

Mwalimu wa Uwandani: Nunua basi, hakuna aliyekukataza. Zina nafasi yake, hasa penye haraka. Ila linganisha bei ya hizo tano na saruji, ongeza na usafiri wa kupandisha milima ya Newala. Tena simtanki likitoboka huku hakuna fundi wa kuliziba. Nimeandika kwa shule isiyokuwa na hela hiyo.

Dada wa Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Shule yetu imezungukwa na mikorosho. Kuanzia Juni watu wanapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, hadi madawati yanakuwa ya njano. Hiyo nayo inaishia kwenye paa? Pipa la lita 200 litatosha kuitoa?

Mwalimu wa Uwandani: Marahaba dada yangu, swali hili nilipaswa kuliandika juu. Halitoshi. Salfa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) inapulizwa miezi ambayo mvua hakuna, kwa hiyo inajilundika kwenye bati mpaka Novemba. Na salfa ndiyo nafuu, wengine wanapuliza na dawa za kuua wadudu, hizo ndizo za kuogopa zaidi. Sisi mvua mbili tatu za mwanzo wa msimu tunaachia zote, bomba tunalichomoa kabisa lisielekee tangini. Watu wanalia wakiona maji yanakwenda chini, waache walie. Kabla ya msimu paa na gata vifagiliwe, na anayefagia afunge kitambaa puani. Mkiweza kuongea na wenye mashamba ya jirani wapulize alfajiri upepo ukiwa umetulia, hata wao wanaokoa salfa.

Dada wa Nachingwea: Asante sana. Na ya kunywa mnayachemsha?

Mwalimu wa Uwandani: Kuni za kuchemshia watoto 400 tungezitoa wapi? Tunatia dawa ya klorini kwenye ndoo zenye koki, siyo kwenye tangi zima, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha tunasubiri nusu saa. Bwana afya wa kata alituelekeza, muoneni wa kwenu.

Fundi Saidi: Mwalimu umeruka mchanganyiko. Plasta ya tangi ni ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, tena mchanga wa mto uliochekechwa. Ule mwekundu wa juu huku una udongo, ukiutumia hata ungemwagilia mwezi mzima utavuja. Na mafundi tusinuniwe wote, wengine tunamwagilia wenyewe.

Mwalimu wa Uwandani: Fundi, nimekubali, ongezeni hilo kwenye hatua ya 6. Na kwa anayemwagilia mwenyewe, malipo yake hayashikwi kwa kinyongo.

Kijana wa Mahuta: Nimepima. 24 kwa 8.

Mwalimu wa Uwandani: Safi. 192. Kwa mvua ile ile ni lita kama 138,000 gata likiwa pande zote mbili. Maji ya kwanza tenga lita 96. Sasa nenda duka la vifaa na orodha: mita za gata, vibanio, bomba, saruji, wavu. Ukirudi na bei za huko kwenu tutapunguza pamoja.

Mzazi Mwenzenu: Huku kwetu nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia, shimo limepigwa saruji. Rahisi kuliko hilo dude lenu. Kwa nini shule isifanye hivyo?

Mwalimu wa Uwandani: Mzee wangu, hata nyumbani kwangu lipo. Nyumbani anayechota ni mama peke yake. Shuleni wanachota mia nne, kila mmoja na ndoo yake iliyotoka kulala chini, na kamba yenye matope. Maji yanachafuka kwa wiki moja. Shimo pia huwezi kuona linapovujia. Kama hela ni ya shimo tu, wekeni pampu ya mkono juu na mfuniko wa zege, ndoo isiingie kabisa.

Mwanaharakati: Kwa hiyo ufaulu umepanda kwa asilimia ngapi? Tuoneshe takwimu, siyo hadithi.

Mwalimu wa Uwandani: Tangi halifundishi hesabu ndugu yangu. Sijasema popote kwamba mtoto akinywa maji anajua KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu). Linachofanya ni kurudisha kipindi cha kwanza, anayekitumia ni mwalimu. Ukitaka kupima kwenu, chukua daftari la mahudhurio la Agosti hadi Oktoba kabla ya tangi, linganisha na miezi hiyo hiyo baadaye. Desemba usiiweke kwenye hesabu, likizo ikikaribia watoto wanaanza kuondoka mapema kwa jando na unyago, utasema tangi limeshindwa.

Mama Nia: Mwalimu, wasichana je? Darasa la sita na la saba kwetu wanakosa siku kadhaa kila mwezi, na lita moja kwa siku haitoshi kwa hilo.

Mwalimu wa Uwandani: Haitoshi, umesema kweli mama. Msilipunje tangi la kunywa, wekeni jingine. Paa la vyoo lenyewe, hata likiwa mita za mraba 20, kwa mvua hii linatoa lita zaidi ya 14,000 kwa mwaka. Tangi la lita 2,000 pembeni, bomba liingie ndani ya chumba cha wasichana, siyo nje ambako ataonekana anachota. Litajaa na kumwagika mara nyingi kipindi cha mvua, kiangazi mtalijazia kwa boza, lakini ni boza dogo. Ufunguo akae nao mwalimu wa kike. Hili kamati hukubali haraka wakisimama kina mama kulisema, nikilisema mimi wanaume wanaangalia chini.

Mama Nia: Tutalisimamia. Naweza kuja na wenzangu wawili kuliona hilo la kwenu?

Mwalimu wa Uwandani: Karibuni sana. Pitieni kwanza ofisi ya mkuu wa shule msaini kitabu cha wageni. Jumatano msije, kuna mtihani wa majaribio. Na mje na futi kamba, hapa ya kwetu imekatika.