Kasi ya Shata na Mwanga wa Kitulo

Wapenzi wa ndege wanaopanda Hifadhi ya Kitulo msimu wa maua hurudi Mbeya na picha nyingi za mbayuwayu buluu zilizotikisika, na wengi wao huilaumu lenzi ilhali kosa huwa ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga. Kwa 1/500 ya sekunde mwili wa ndege anayeruka huweza kutoka vizuri, lakini ncha za mabawa huacha michirizi. Kwa hiyo anza na 1/2000. Asubuhi yenye mawingu mazito mwanga hautoshi kwa kasi hiyo, hivyo fungua tundu la lenzi hadi mwisho, kisha pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au hata 3200 bila woga, kwa kuwa chengachenga inazoleta pichani hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, ilhali unyoya uliotikisika hausafishiki. Ndege chozi aliyetua kwenye ua akifyonza nekta ni nafuu: 1/500 humtosha, na jua la saa moja na nusu likimpiga ubavuni, unyoya mmoja mmoja wa shingoni huonekana.

Bondeni Usangu shida ni nyingine kabisa. Kuanzia saa nne hivi, ardhi ikishapata moto, hewa hucheza juu ya mbuga, na korongo aliye mita 80 hutoka kama amepigwa picha akiwa chini ya maji, hata kamera ikiwa imepangwa sawasawa. Hapo msogelee taratibu, au urudi jioni ardhi ikishapoa.