Umekwama kuchagua chuo kati ya Mlimani na Ardhi? Uliza swali hili
Juzi nilimsindikiza mdogo wangu kuviangalia, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo Mlimani yenyewe) na Chuo Kikuu Ardhi ni majirani kabisa, kwa mguu unatoka huku unaingia kule, tukavipitia vyote jioni moja. Usiulize "chuo chenu kizuri?" maana kila mtu atasifia kwake, muulize wa mwaka wa pili "jana saa mbili usiku ulikuwa wapi, na nani?" hapo ndo unapata maisha yenyewe, studio, maktaba, kwaya, mpira au alikuwa kwenye daladala anarudi home. Uliza watu watano kila chuo, na wawe wa kozi unayoitaka, wa usanifu majengo na wa sheria hawaishi sawa hata kidogo. Ila kipindi cha UE (mitihani ya mwisho wa semista) usiende, wote watakwambia walikuwa wanasoma.