Namna ya kuandaa huduma kwenye jengo la ndege za binafsi

Kwa miaka 11 nimekuwa nikipanga safari za ndege za kukodi, na muda wangu mwingi huishia kwa watu ambao abiria wangu huwaona dakika tano tu: wahudumu wa jengo la ndege za binafsi. Wenye kazi huliita FBO, jina lililozaliwa Marekani. Kabla ya Sheria ya Biashara ya Anga ya 1926, marubani wengi kule walihamahama na ndege zao, leo shamba hili, kesho lile, wakiuza safari fupi na maonyesho. Sheria ilipoleta leseni na ukaguzi, waliotulia kwenye uwanja mmoja wakauza mafuta na kutengeneza ndege ndio wakajulikana kama wenye kituo cha kudumu, kwa Kiingereza fixed-base operators, na kifupi chake ndicho FBO.

Anayeingia mara ya kwanza huona makochi, kahawa na ukimya, akadhani hiyo ndiyo huduma. Mimi hutazama upande wa pili wa kioo, kule ndege zinakoegeshwa. Kule ndiko safari inakookolewa au kuharibika, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu ambaye amepewa jukumu la kupanga safari ya namna hii na hajui aanzie wapi.

Anza kwa kujua kama una cha kuchagua. Viwanja vingi vidogo vina kampuni moja tu ya huduma hii, kwa hiyo kilichobaki ni kuwahi kuwaandikia. Kwenye viwanja vya ndege za binafsi vyenye shughuli nyingi, kama Teterboro karibu na New York au Le Bourget karibu na Paris, kampuni ni kadhaa, nazo hazilingani. Angalia pia kama uwanja wenyewe unaipokea ndege yako. Teterboro haipokei ndege inayozidi pauni 100,000, yaani kama tani 45, basi ndege kubwa za binafsi zilizotokana na ndege za abiria hulazimika kutua kwingine. Viwanja vingine havikupokei bila ruhusa ya awali. Ruhusa hiyo huja na namba, na namba hiyo rubani awe nayo mkononi kabla hajawasha injini.

Ukishapata kampuni mbili au tatu, usiulize kuhusu makochi. Uliza kama trekta lao la kuvuta ndege linafaa aina ya ndege yako. Uliza kama wana jenereta ya nje, maana ndege nyingi za ukubwa wa kati hutumia umeme wa volti 28, na bila jenereta hiyo rubani atalazimika kuwasha injini ndogo ya mkiani ili kupata umeme tu, jambo ambalo viwanja vingi hulibana kwa sababu ya kelele na moshi. Kama ndege italala, uliza mlango wa banda una kimo gani, kwa sababu mkia ndio hugota kwanza. Kama ni majira ya barafu, uliza gari la kuyeyusha barafu ni lao au wanaliazima kwa jirani. La kuazima lina foleni. Mwisho uliza kama wamesajiliwa kwa IS-BAH, kiwango cha kuhudumia ndege zikiwa uwanjani, kilichoanzishwa 2014 na baraza la kimataifa la usafiri wa anga wa kibiashara. Cheti peke yake hakivuti ndege, lakini kampuni iliyokipata imeshakaguliwa namna inavyofundisha watu wake na inavyoshughulikia ajali ndogo za uwanjani.

Sasa andika ombi lako. Hapa ndipo ninapomsihi kila kijana ninayemfundisha asiwe na haraka. Ombi zuri lina aina ya ndege na namba yake ya usajili, uzito wa juu wa kuruka, inatoka wapi na inaelekea wapi, abiria wangapi, marubani wangapi, na saa. Saa ziandike kwa muda wa dunia, UTC, halafu mbele yake muda wa mahali. Sisi tunaohesabu saa tangu jua lichomoze tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu: andika 20:00, usiandike saa mbili, hata kama anayepokea barua anazungumza Kiswahili kama wewe.

Kisha taja huduma moja moja. Jenereta ya nje. Maji safi. Gari la kunyonya choo. Kuosha vyombo vya chakula. Barafu, kahawa na magazeti. Gari la kuwapeleka marubani hotelini, au chumba cha kulala wakisubiri hapo hapo. Usiseme “huduma za kawaida”, kwa sababu kila uwanja una kawaida yake. Katika safari yangu ya pili sikuandika choo, na hakuna aliyekosea ila mimi. Ndege iliruka saa tano angani ikiwa na tangi lililojaa tayari.

Mafuta nayapa aya yake. Nimewahi kuandika “2,000” bila kipimo. Nilikusudia lita. Mwenzangu wa upande ule akasoma pauni, na kwa mazoea ya uwanja wake alikuwa na haki. Pauni 2,000 ni kilo 907 hivi. Lita moja ya mafuta ya ndege za jeti ina uzito wa takriban kilo 0.8, kwa hiyo lita zangu 2,000 zilikuwa kilo 1,600. Rubani alitazama geji, akatazama karatasi, akakataa kuondoka, na alifanya sawa. Gari la mafuta lilikuwa limeshakwenda kwa ndege nyingine. Tukapoteza zamu yetu ya kuruka, na abiria wakakaa kwenye yale makochi saa moja na nusu. Tangu siku hiyo naandika kiasi, kipimo na aina ya mafuta: Jet A-1, lita 2,000. Aina ndiyo muhimu kuliko vyote. Ndege ndogo za pistoni hutumia petroli ya ndege, na ile ya 100LL hutiwa rangi ya buluu ili itambulike. Za jeti hutumia mafuta yasiyo na rangi au ya manjano hafifu. Kutia ya jeti kwenye pistoni kumeua watu. Ndiyo maana mdomo wa bomba la mafuta ya jeti hufanywa mpana, usiingie kwenye tangi la petroli kwa urahisi. Ukiwa uwanjani, utaona pia waya ukiunganishwa kati ya gari na ndege kabla bomba halijafunguliwa. Huo huzuia cheche za umeme tuli, na mhudumu anayeuruka simruhusu aendelee.

Karatasi za mpakani zisikukute njiani. Kwa Marekani, orodha ya abiria na wahudumu wa ndege lazima iwe imetumwa angalau dakika 60 kabla ya kuruka. Kwa Uingereza ni angalau saa mbili. Majina yaandikwe yalivyo kwenye pasipoti, hata kama mwenyewe anajulikana kwa jina jingine. Iulize kampuni kama maofisa wa uhamiaji na forodha wanakaa kwenye jengo lao au huitwa, na kama saa za usiku zinahitaji ombi la mapema.

Abiria waambie wafike nusu saa kabla, zaidi kidogo kama wanavuka mpaka. Gari kufika hadi kwenye ngazi ya ndege hutegemea usalama wa uwanja, basi liombee ruhusa, usiliahidi. Waeleze mizigo: buti la ndege ndogo ni jembamba, na begi laini hukunjwa pale ambapo sanduku gumu hugoma. Betri za akiba za simu ziende nao ndani.

Ada uziombe kwa maandishi kabla ya safari: kutua, kuegesha, kuhudumia ndege, kufungua baada ya saa za kazi. Marekani, kampuni nyingi husamehe ada ya kuhudumia ukinunua mafuta ya kiasi fulani, kwa hiyo uliza kiasi hicho kabla rubani hajaamua ajaze wapi.

Siku moja kabla, piga simu. Barua pepe umeshatuma, jibu umelipata, piga hata hivyo, na muulize aliye zamu akusomee ombi lako. Mara nyingi zaidi ya ninavyopenda, mpokeaji wa barua ameenda mapumziko na zamu mpya haijaiona.

Ndege ikiondoka, waombe wakutaarifu: kabari za magurudumu zimetolewa saa ngapi, magurudumu yameacha ardhi saa ngapi. Mara tu ninapozipata saa hizo mbili, nazituma kwa jengo linalofuata pamoja na saa ya kutua, ili kule nao waanze kusogeza jenereta na kabari zao.