Kuchagua njia ya bekapu: anza na siku ya kurejesha

Mteja mmoja aliniletea laptopu iliyokufa diski, na flashi mkononi. Alikuwa ametulia kabisa, maana wiki iliyotangulia alikuwa amenakili kila kitu. Tukaichomeka. Majina yote yalikuwepo: tasnifu, picha za harusi, hesabu za biashara. Lakini kila ikoni ilikuwa na kishale kidogo pembeni, na kila faili ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 2. Alikuwa amenakili njia za mkato kutoka kwenye skrini, yaani alama zinazoelekeza tu faili ilipo, si faili zenyewe. Tasnifu tuliipata nusu tu, kwenye barua pepe aliyokuwa amemtumia msimamizi wake miezi minne kabla.

Tangu siku ile simuulizi mtu kama ana bekapu, yaani nakala ya akiba. Ninamuuliza: mara ya mwisho ulirejesha faili gani kutoka humo? Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kuanzia swali hilo.

Hatua ya 1: Jua unachookoa

Tenganisha vitu visivyopatikana tena na vile unavyoweza kupakua upya. Picha zako, maandishi yako, hati ulizoskani: hivyo ni vya kuokoa. Programu na filamu za kupakua ziache. Kisha angalia jumla ya ukubwa, kwa sababu gigabaiti 8 na gigabaiti 800 hazitunzwi kwa njia moja.

Pita pia sehemu zinazosahaulika. Programu nyingi za hesabu huweka data yake ndani ya folda yake yenyewe, si kwenye folda ya nyaraka. Barua pepe za zamani huenda zimo ndani ya kompyuta pekee. Na folda ya vitu vilivyopakuliwa, ambayo watu huiona kama jalala, ndiyo mara nyingi yenye mkataba au cheti cha pekee.

Hatua ya 2: Jiulize maswali mawili

La kwanza: kompyuta ikifa sasa hivi, uko tayari kuirudia kazi ya muda gani? Ukisema siku moja, nakala ya kila mwezi haikufai. La pili: unaweza kukaa siku ngapi bila faili hizo? Majibu haya yatakuchagulia njia vizuri kuliko tangazo lolote la diski.

Hatua ya 3: Pima kila njia kwa majanga yake

*Diski ya nje.* Kwa watu wengi ndiyo ya kuanzia. Inarejesha haraka na haihitaji intaneti. Nunua yenye nafasi angalau mara mbili ya data yako, ili iweze kutunza matoleo ya nyuma ya kila faili. Kwenye Mac tumia Time Machine, iliyokuja na mfumo wenyewe tangu 2007. Kwenye Windows washa File History. Zote mbili hutunza matoleo, kwa hiyo ukiharibu hati Jumatatu na kugundua Ijumaa, unairudia ya Jumapili.

Udhaifu wake ni kwamba wenye diski huiacha imechomekwa siku zote. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia huifikia diski iliyochomekwa kama vinavyoifikia kompyuta yenyewe. Virusi vya aina hiyo vilivyoitwa WannaCry, vya Mei 2017, vilisambaa duniani kwa siku chache tu, na aliyekuwa na nakala iliyochomolewa alikuwa na pa kurudia. Nakala ikikamilika, itoe diski kwa utaratibu, ichomoe, iweke mbali na kompyuta. Kuiweka kwenye mkoba mmoja na laptopu ni kumwandalia mwizi vyote viwili.

*Flashi.* Nzuri kwa kubebea, mbaya kwa kutunzia. Hupotea, huharibika bila dalili, na nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Video ndefu itakataliwa katikati ya zoezi, nawe umeshaondoka kwenye kiti ukidhani kila kitu kinaendelea.

*Wingu.* Yaani kutunza faili kwa intaneti kwenye kompyuta za kampuni. Hukulinda pale diski ya nje inaposhindwa: wizi, moto, mafuriko. Piga hesabu kwanza. Ikiwa intaneti yako inapandisha megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 200 zitachukua takriban saa 89, karibu siku nne bila kukatika. Kwa hiyo anza na zile faili zisizopatikana tena. Hati nyingi za kawaida zitaenea kwenye gigabaiti 15 za bure za Google, ila kumbuka nafasi hiyo unagawana na barua pepe na picha zako.

Hapa kuna jambo ninalolirudia kwa kila mteja: folda inayosawazishwa si bekapu. Kazi yake ni kufanya vifaa vyote vifanane. Ukifuta faili kwenye laptopu, inafutika na kwenye wingu. Ukiiharibu, unapeleka iliyoharibika. Kwenye Google Drive, pipa la taka hujisafisha baada ya siku 30. Chagua huduma yenye kutunza matoleo, na ujue inayatunza kwa muda gani.

Wala wingu si anga. Ni kompyuta zilizo kwenye jengo fulani. Machi 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa na nakala humo humo walipoteza data yao.

Hatua ya 4: Unganisha njia mbili

Mafundi tuna kanuni ya 3-2-1: nakala tatu ukihesabu ile ya kazi, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mtu binafsi ina maana ya kompyuta, diski ya nje na wingu. Kama huna uwezo wa vyote, usisubiri: diski ya nje leo, wingu baadaye.

Simba diski kwa nenosiri, yaani ifunge isisomeke bila nenosiri hilo, kisha uliandike nenosiri hilo mahali nje ya kompyuta hiyo. Nimeona diski nzima kabisa ambazo hazifunguki kwa sababu nenosiri lilihifadhiwa kwenye mashine iliyokufa.

Hatua ya 5: Rejesha

Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao, alifuta hifadhidata kimakosa, na walipogeukia njia zao tano za nakala, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Hao ni wataalamu.

Wewe fanya hivi mara moja kila miezi mitatu. Chagua faili tatu: moja ya jana, moja ya miaka mingi, moja kubwa. Zirejeshe kwenye kompyuta nyingine, usizifungulie kwenye ile ile ulikozitoa. Soma hati hadi ukurasa wa mwisho, cheza video hadi mwisho wake. Na ukiona kishale kidogo pembeni ya ikoni, rudi hatua ya 1 leo hii, kabla diski haijafa.